Printa ya mfukoni na simu yako: mwongozo kamili wa kuchapa risiti bila kompyuta

Kabla hujaulizia bei ya printa, chukua daftari uandike kwa mkono ile risiti unayotaka kumpa mteja. Jina la duka, tarehe, bidhaa, bei, jumla, jina la muuzaji kama mko zaidi ya mmoja. Halafu jiulize: karatasi hii inatakiwa iishi muda gani, na baada ya mteja nani mwingine ataisoma? Tiketi ya basi kazi yake inaisha abiria akishuka stendi. Kikaratasi cha dobi kinaishi siku mbili tatu mpaka nguo zichukuliwe. Stakabadhi ya ada ya shule inaweza kudaiwa mwakani, na mhasibu ataitaka isomeke.

Watu wengi hununua printa kwanza, wakaja kugundua baadaye kwamba programu yao ya mauzo haiielewi, au maandishi yanafutika kabla mteja hajarudi kudai dhamana. Ukianza na risiti, maamuzi mengine karibu yote yanakuja yenyewe: upana wa karatasi, aina ya printa, programu, hata betri.

Printa ipi

Hii tunayoizungumzia ni printa ya risiti ya milimita 58, kile kiboksi cha kukaa kiganjani ambacho makondakta na wakusanya ushuru hukitundika kiunoni. Haina wino. Ndani yake kuna kichwa chenye safu ya vinukta vinavyopashwa moto, na rangi imo kwenye karatasi yenyewe, ndani ya tabaka la dawa lililopakwa upande mmoja. Kinukta kikipata moto, pale kilipogusa panageuka pakawa peusi. Basi. Ndiyo maana mashine ni ndogo na haina mengi ya kuharibika, na ndiyo maana pia karibu kila lawama linaloelekezwa kwa printa linastahili karatasi.

Wazo la kuchapa kutoka kifaa cha kiganjani bila waya ni la zamani kidogo. Enzi za kompyuta za kiganjani, Palm III ya mwaka 1998 ilikuwa na kijicho cha infraredi, na waliokuwa na printa ndogo za wakati ule walilazimika kuvielekeza vifaa viwili vitazamane mpaka uchapaji uishe. Leo simu imechukua nafasi ya kompyuta ya kiganjani, na Bluetooth imetuondolea kazi ya kulenga.

Namba moja ya kushika kichwani ni 32. Karatasi ina upana wa milimita 57 au 58, lakini eneo linalochapika ni milimita 48 tu. Kwa nukta 8 katika kila milimita, unapata nukta 384 kwa mstari, na herufi ya kawaida inakula nukta 12. Kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi 32, nafasi tupu zikiwemo. Ipo na herufi ndogo inayoingia 42 kwa mstari, ila wazee watakurudishia risiti uwasomee.

Kama ile risiti uliyoiandika daftarini ina safu nne au tano, yaani bidhaa, idadi, bei, kodi na jumla, nenda kwenye printa ya milimita 80, ambayo hubeba herufi 48. Ni nzito zaidi na haikai mfukoni, lakini kwa ankara za jumla na mahoteli inafaa.

Sasa zile za kukaa nazo mbali. Madukani na mitandaoni zimejaa printa ndogo za bei poa zenye rangi za kitoto, nyingine zina masikio ya paka. Kwa nje utadhani ni kitu kilekile, na karatasi zake ni zilezile. Tatizo ni kwamba nyingi zinasikiliza programu yake moja tu aliyoitoa mtengenezaji, nayo ni ya kuchapa picha na vikaratasi vya kubandika kwenye daftari. Programu ya mauzo haiwezi kuzungumza nazo. Mnunulie mtoto afurahie, duka liache. Printa za picha za mfukoni kama HP Sprocket nazo ni jamii nyingine: karatasi yake ina fuwele za rangi ndani na inauzwa kwa gharama ambayo hakuna risiti inayoweza kuibeba. Printa za lebo, za kubandika bei kwenye bidhaa, ni nzuri kwa kazi yake, lakini hakikisha kwanza kama inakubali pia karatasi ya kawaida isiyo na gundi; nyingi hazikubali.

Na zipo mashine zenye kila kitu pamoja, simu na printa katika gamba moja, kama hizi za Sunmi. Maoni yangu: kama mtu anachapa kutwa nzima akiwa amesimama, kwenye basi au kwenye maegesho, hizo ni bora, maana hakuna muunganisho wa kukatika na chaja ni moja. Kwa duka la mtaani, wakala, saluni au mama anayepeleka oda za chakula maofisini, simu uliyonayo pamoja na printa ndogo inatosha, na kimoja kikifa kingine kinabaki.

Maswali ya kuuliza kaunta

Uwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atakuonyesha rangi na kukuambia betri inakaa siku nzima. Muulize haya.

Je, inatumia ESC/POS? Hiyo ni lugha ya amri iliyobuniwa na Epson, na ndiyo inayoeleweka na karibu kila programu ya mauzo. Akisita, tafuta maneno hayo kwenye boksi au kwenye kijitabu. Yasipokuwepo, ondoka.

Je, inakubali simu gani? Android haina shida na Bluetooth ya kawaida inayotumiwa na printa hizi. iPhone ina masharti: haizungumzi na ile Bluetooth ya kizamani ya printa isipokuwa mtengenezaji amepata kibali cha Apple, au printa iwe na Bluetooth ya nishati ndogo, BLE. Kama una iPhone, usikubali neno la mdomo. Chapa palepale kwa simu yako, kwa programu utakayoitumia.

Inabeba roli ya karatasi ya ukubwa gani? Boksi litakuwa na namba kama 57x30 au 57x40. Ya kwanza ni upana, ya pili ni unene wa roli zima. Printa ya 30 haifungi kifuniko juu ya roli la 40, na mtaani mara nyingi linalopatikana ni 40.

Chaja yake ni ipi? Betri nyingi za printa hizi ni za volti 7.4, yaani seli mbili zimefungwa mfululizo. Baadhi zina saketi ya ndani na zinachajiwa kwa waya wa USB wa kawaida. Nyingine zinakuja na chaja yake ya pini ya duara yenye volti 8.4 au 9. Ukipoteza ya aina ya pili, usichomeke chaja yoyote inayoingia tundu. Soma volti kwanza.

Mwishoni mwombe achape karatasi ya kujipima. Zima printa, shikilia kitufe cha kusukuma karatasi, washa ukiwa bado umekishikilia, kisha achia. Printa itatoa ukurasa wenye jina lake la Bluetooth, namba ya siri, toleo la programu yake na safu za herufi. Angalia weusi: unatakiwa uwe sawa kushoto hadi kulia. Ukiona mstari mweupe mwembamba unateremka kutoka juu hadi chini, kinukta kimoja kimekufa au kuna uchafu. Printa mpya haitakiwi kuwa nao. Karatasi hiyo ikunje uiweke, utaihitaji baada ya muda mfupi.

Kuunganisha na simu

Chaji printa mpaka ijae. Weka roli, na hapa ndipo wengi wanapokwama dakika tano za kwanza: karatasi inatoka nyeupe tupu. Upande wenye dawa ni mmoja tu. Kwaruza karatasi kwa ukucha. Upande unaoacha mstari mweusi ndio unaotakiwa kugusa kichwa. Ukilipindua roli, kazi imekwisha.

Washa Bluetooth ya simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, bonyeza "Oanisha kifaa kipya". Jina litakalotokea ni lile lililoandikwa kwenye karatasi ya kujipima. Namba ya siri mara nyingi ni 0000 au 1234, nayo pia imo humo. Wakati mwingine jina litajitokeza mara mbili, moja la Bluetooth ya kawaida na moja la BLE. Kwa Android jaribu la kwanza. Likikataa programu ikifika kuchapa, lisahau uoanishe la pili.

Baada ya kuoanisha, simu itaonyesha kwamba printa imehifadhiwa lakini haijaunganishwa. Hiyo ni kawaida. Printa hizi haziunganishwi muda wote kama spika; programu inafungua njia pale inapotaka kuchapa na kuifunga ikimaliza. Usikae unabonyeza "unganisha" kwenye mipangilio, haitaunganishwa.

Sasa programu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni programu kamili ya mauzo, kama Loyverse, ambayo unaingiza bidhaa na bei, inahesabu, inachapa na kukuwekea kumbukumbu. Ya pili ni programu ya kuchapa tu, kama RawBT kwa Android, ambayo inakaa katikati: unaitumia maandishi, picha au PDF kutoka programu nyingine kwa kitufe cha kushiriki, nayo inayageuza kuwa amri za printa. Duka lenye bidhaa nyingi lichukue ya kwanza. Wakala, dobi au mtu wa oda chache anaweza kuishi na ya pili kwa raha.

Ukifungua programu mara ya kwanza itaomba ruhusa. Kuanzia Android 12 ruhusa hiyo inahusu vifaa vilivyo karibu. Kwa matoleo ya nyuma itaomba mahali ulipo, jambo linalowatia watu wasiwasi. Haikufuatilii kwa sababu ya kuchapa: Android za zamani zilifungamanisha utafutaji wa Bluetooth na ruhusa ya mahali. Ikubali, la sivyo printa haitaonekana kwenye orodha.

Ndani ya mipangilio ya printa, chagua upana wa milimita 58, au nukta 384, au herufi 32, kadiri programu inavyoliita. Chapa jaribio. Kisha rudi kwenye mipangilio ya betri ya simu na uitoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazozimwa ili kuokoa chaji. Simu nyingi za bei nafuu huua programu iliyokaa kimya, na asubuhi utadhani printa ndiyo iliyoharibika.

Jambo moja zaidi: printa hizi nyingi huhudumia simu moja kwa wakati mmoja. Kama mko wawili dukani na mmoja programu yake imeng'ang'ania muunganisho, mwingine atapata ujumbe wa kushindwa. Aliyemaliza afunge programu.

Kupanga risiti ndani ya herufi 32

Hapa ndipo kazi ilipo. Usiruhusu jina la bidhaa na bei vigombanie mstari mmoja. Weka jina juu, hesabu chini yake, na tarakimu zote zipangwe kulia:

```
         DUKA LA MFANO
      Mtaa wa Soko, Tanga
--------------------------------
Na. 0418        14/05/2025 10:42
--------------------------------
Sembe kilo 2
  2 x 3,600                7,200
Sukari kilo 1
  1 x 3,000                3,000
--------------------------------
JUMLA                     10,200
Umetoa                    15,000
Chenji                     4,800
```

Hesabu mistari: vistari ni 32 kamili, na tarakimu ya mwisho ya kila bei inaangukia herufi ya 32. Ukiongeza nafasi moja tu, tarakimu hiyo inarukia mstari wa chini na risiti nzima inaonekana imelewa. Namba ya risiti usiiache hata kama mteja haijali. Siku akirudi kulalamika, hiyo ndiyo itakayokufikisha kwenye kumbukumbu zako. Mistari ya "Umetoa" na "Chenji" inapunguza ubishi wa kaunta kuliko maneno yoyote ya "hakuna kurudisha bidhaa".

Mwishoni acha mistari mitatu mitupu. Kichwa cha kuchapia kiko ndani, sentimita moja hivi nyuma ya meno ya kukatia, kwa hiyo bila nafasi hiyo unakata katikati ya jumla. Na ukikata, vuta kwa pembeni ukianzia kona moja. Ukivuta moja kwa moja kwenda juu unaburuza roli na kuisumbua rola, ile fimbo ya mpira inayosukuma karatasi.

Nembo ya duka iwe na upana usiozidi nukta 384, nyeusi na nyeupe tupu, ya mistari myembamba. Printa haina kijivu. Picha ya rangi inageuzwa kuwa vidoti na kutoka kama moshi. Epuka nembo yenye bonge la weusi. Nukta nyingi zikiwaka kwa pamoja zinavuta umeme mwingi, na betri iliyochoka inaweza kushindwa hapohapo, printa ikazima katikati ya nembo. Alama ya QR ichapwe angalau sentimita 2 kwa 2, na pembeni yake paachwe peupe, ndipo kamera ya simu ya kawaida itaisoma.

Wenye bidhaa zenye ng' katika jina wajiandae kwa kituko kimoja. Unaandika "Nyama ya ng'ombe", printa inatoa "Nyama ya ng", herufi mbili za Kichina, halafu "mbe". Ile "o" imemezwa. Kisa ni alama ya juu: iPhone, au Word, hubadilisha alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, nayo kwa kompyuta ni baiti tatu, yaani vipande vitatu vidogo vya data. Printa iliyotoka kiwandani ikiwa kwenye hali ya Kichina inazisoma baiti mbilimbili, inatengeneza herufi moja, kisha inaichukua ya tatu pamoja na "o" inayofuata na kutengeneza nyingine. Dawa ya haraka ni kufuta alama hiyo kwenye orodha ya bidhaa na kuandika iliyonyooka. Dawa ya kudumu ni kuzima hali ya Kichina kwenye mipangilio ya programu. Kama programu inakubali amri za moja kwa moja, ni baiti 1C 2E. Ukiondoa hilo, Kiswahili hakina herufi zenye vikorokoro juu, kwa hiyo sisi tunachapa bila karaha wanazozipata wenzetu wa Kifaransa.

Wakala anayetaka kumpa mteja karatasi ya muamala asichape picha ya skrini. Picha ya skrini ikibanwa hadi milimita 48 haisomeki. Nakili maandishi ya ujumbe, yatume kwenye programu ya kuchapa. Kabla ya kuchapa futa salio lako na tarakimu za katikati za namba ya simu ya mteja. Karatasi hizi huishia chini mlangoni, na kila mpita njia anaweza kuziokota. PDF za ukurasa mzima nazo zina ugonjwa uleule wa kubanwa. Kama ofisi yako inatoa PDF, omba itengenezwe upya kwa upana wa milimita 58.

Karatasi

Roli mbili zinaweza kuwa na unene uleule wa nje, milimita 40, na moja ikawa na karatasi nyingi kuliko nyingine kwa nusu nzima. Angalia kiini cha katikati. Karatasi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.06. Roli ya milimita 40 yenye kiini cha milimita 12 ina takriban mita 19. Ileile ikiwa na kiini kinene cha plastiki cha milimita 25, zinabaki chini ya mita 13. Kwa risiti ya sentimita 12, hiyo ni tofauti ya risiti zaidi ya 150 dhidi ya 100 na kidogo. Kwa hiyo usilinganishe bei ya roli kwa roli, chungulia tundu. Bonyeza pia kwa vidole, maana lililoviringishwa kilegevu linaonekana nono na ndani halina kitu.

Ubora wa dawa unaupima kwa jua. Chapa risiti moja, iache dirishani juu ya kaunta wiki moja, nyingine iweke ndani ya droo. Ya dirishani ikiwa imefifia mpaka huwezi kuisoma, karatasi hiyo itumie kwa tiketi tu.

Vinavyoua maandishi ni jua, joto, mafuta ya kupikia, spiriti ya kusafishia mikono, na plastiki laini za pochi na bahasha za nailoni, ambazo dawa zake zinahamia kwenye karatasi polepole. Gundi ya selotepu nayo inaweza kuyafuta. Na usilaminishe risiti kamwe: mashine ya lamineshani ni ya moto, karatasi inatoka nyeusi yote na ushahidi umeuchoma mwenyewe. Hili limewakuta watu wakijaribu kuhifadhi stakabadhi muhimu. Roli zenyewe usiziache juu ya dashibodi ya gari; karatasi nyingi huanza kugeuka rangi kwenye nyuzijoto 60 au 70, na gari lililofungwa juani halihitaji muda mrefu kufika pabaya.

Kwa hiyo kama ile risiti ya mwanzo ulisema inatakiwa iishi zaidi ya miezi michache, mwambie mteja aipige picha palepale, au wewe tuma nakala kwa WhatsApp. Shule na wapangishaji nyumba wangefanya vyema kutoa fotokopi.

Kuna na suala la afya. Dawa ya karatasi hizi mara nyingi huwa na kemikali ya bisfenoli A (BPA), na Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.02 ya uzito kwenye karatasi za aina hii kuanzia Januari 2020. Huku kwetu unaweza kutafuta roli zilizoandikwa kwamba hazina BPA. Kufungia maandazi kwenye karatasi ya risiti ni tabia ya kuacha leo, na watoto wasizitafune.

Risiti hii na kodi

Karatasi inayotoka kwenye printa yako, hata ikiwa nzuri namna gani, si risiti ya kodi kwa sababu tu ina neno RISITI juu. Tanzania imekuwa na mashine za EFD, yaani mashine za kielektroniki za risiti za kodi, tangu 2010, na sasa kuna na mfumo wa VFD ambao kazi ya mashine inafanywa na programu. Kenya wana eTIMS, Uganda EFRIS, Rwanda EBM. Kinachoifanya risiti iwe halali ni kusajiliwa kwa muamala kwenye mfumo wa mamlaka na kurudi na namba au QR ya uhakiki. Printa inachapa tu kile ilichopewa. Habari njema ni kwamba printa hii ndogo inaweza kuchapa risiti ya mfumo wa namna hiyo, mradi programu iwe imeidhinishwa na iikubali printa yako. Ukiwa bado hujafikia kiwango cha kulazimika, andika wazi kwenye karatasi "Kumbukumbu ya mauzo" ili usije ukajikuta unajieleza kwa ofisa.

Matunzo na matatizo

Chaji jioni, zima ukifunga duka. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, iache na chaji nusu. Betri iliyoachwa tupu kabisa mara nyingi haiamki tena. Kichwa kifute kila unapomaliza maboksi machache ya roli, au ukiona maandishi yanapauka: zima, acha kipoe, chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti, pitisha taratibu kwenye ule mstari mweusi unaong'aa, subiri dakika chache ikauke. Usikwangue kwa kisu wala ukucha. Na vumbi la unga au simenti likiwa jingi ulipo, printa iishi ndani ya mfuko wa kitambaa.

Maandishi yakiwa hafifu, fuata mpangilio huu: chaji betri, safisha kichwa, badili roli, ndipo uongeze weusi kwenye mipangilio. Wengi huanza na la mwisho, nalo linachosha kichwa na kumaliza betri bila kugusa chanzo.

Ikichapa nusu na kukatika, hasa kwenye picha ndefu, simu inatuma haraka kuliko printa inavyoweza kumeza. Punguza kasi au ukubwa wa vipande kwenye programu. Ikikatika kwenye kila risiti hata fupi, angalia betri.

Ikitoa mistari mirefu ya herufi zisizo na maana, programu imechagua lugha au upana usio wake. Zima printa, toa kipande cha karatasi, rudi kwenye mipangilio. Ikigoma kuonekana kabisa wakati jana ilikuwa inafanya kazi, isahau kwenye Bluetooth, zima vyote viwili, oanisha upya kwa kutumia ile karatasi ya kujipima.

Taa nyekundu inayowakawaka huku karatasi imo maana yake mara nyingi ni kifuniko hakijafunga au kijicho cha kuonea karatasi kimefunikwa na vumbi. Puliza, funga mpaka usikie mlio.

Mstari mweupe usiotoka hata baada ya kusafisha ni kinukta kilichokufa. Watengenezaji wengi hutaja umri wa kichwa kuwa kilomita 50 za karatasi, ambazo kwa risiti ya sentimita 12 ni zaidi ya risiti 400,000, kwa hiyo kikifa mapema sababu huwa ni kukwanguliwa au mchanga. Kinukta kimoja unaweza kuvumilia kama hakipiti katikati ya QR wala tarakimu za jumla. Vikifika vitatu vinne, bei ya kichwa na ya fundi huwa karibu na printa mpya. Nunua nyingine ya aina ileile, na ya zamani ibakize chaja, betri na rola kama vipuri.